Kibali cha halmashauri pekee hakitoshi

Mkuu, umeuliza kama kibali cha ujenzi cha halmashauri kinatosha kujenga nyumba za wageni ukingoni mwa mikoko huko Bagamoyo. Hakitoshi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Na kifungu cha 81 kinasema wazi: hata uwe na leseni au kibali cha sheria nyingine, mradi unaohitaji tathmini ya athari kwa mazingira hauanzi bila cheti chake. Cheti hicho kinashughulikiwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, si kwa afisa mipango miji.

Mikoko yenyewe ni msitu wa hifadhi, iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Usiikate hata ile michache iliyochipua ndani ya bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) zako (hapa ndipo wengi wanaponaswa).

Kabla ya kulipia ramani, nenda kiwanjani siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji yakijaa kabisa, ndipo uvute futi kamba kupima zile mita 60. Ukipima maji yamekupwa, utajidanganya. Kiwanja kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo.