Maswali ya Lugha: Misemo ya Kiingereza Iliyochakaa

SWALI: Ndugu Mhariri, naandika ripoti za ofisi kwa Kiingereza. Mkuu wa idara amenirudishia moja, kaikata kwa wino mwekundu sentensi hii: “At the end of the day, we need to iron out the bottlenecks.” Sarufi haina kosa. Tatizo ni nini? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Mkuu wako yuko sahihi. Kwanza, picha zinagongana. “Iron out” ni kunyoosha kwa pasi. “Bottleneck” ni shingo ya chupa, mahali pembamba panapochelewesha vitu kupita. Shingo ya chupa haipigwi pasi. Hiyo ndiyo dalili ya msemo uliochakaa: mwandishi anautumia bila kuiona picha iliyomo. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, maana sentensi haisemi jambo. Kimekwama nini, wapi, nani atakikwamua, na lini?

Anza kwa kufuta “at the end of the day”, msemo unaotumiwa kumaanisha “hatimaye”. Isome tena kwa sauti. Maana haijapungua hata chembe, basi usiirudishe. Kisha taja kitu chenyewe: “Invoices wait nine days for one signature. From 1 July, two officers will sign.” Yaani ankara hukaa siku 9 zikisubiri saini ya mtu mmoja, na kuanzia Julai mosi maofisa wawili watasaini. Sasa mkuu wako ana jambo la kukubali au kukataa.

SWALI: Je, kila msemo wa picha ufutwe? – Mwalimu, Mombasa

JIBU: La hasha. Uliokufa kabisa hauna madhara. Mwaka 1864, katika gereza la wafungwa wa vita la Andersonville, Marekani, “deadline” ulikuwa mstari ambao mfungwa akiuvuka hupigwa risasi. Leo asikiaye neno hilo anafikiria tarehe ya mwisho tu. Picha mpya uliyoibuni mwenyewe nayo ina nguvu. Wa kuogopwa ni ule wa katikati, haujafa wala hauko hai. Mwandishi Mwingereza George Orwell, katika insha yake ya 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alionyesha kwamba “toe the line” huandikwa “tow the line”. Asili ni kuweka vidole vya miguu mstarini, yaani kutii. “Tow” ni kuvuta, kama gari bovu. Chunga pia “free rein”, kumlegezea farasi hatamu. Wengi huandika “free reign”, utawala, kwa kuwa matamshi ni mamoja.

SWALI: “Mwisho wa siku” ni Kiswahili fasaha? – Msikilizaji wa redio, Morogoro

JIBU: Ukimaanisha jioni, ndiyo. Ukimaanisha hatimaye, ni Kiingereza kilichofasiriwa neno kwa neno, na tunacho “hatimaye”, “mwishowe”, “vyovyote iwavyo”. Tena kinapotosha. Msimamizi akitangaza, “Mwisho wa siku tutawalipa vibarua,” saa kumi na mbili jioni watakuwa wamejipanga mlangoni kudai chao.