Daftari la mdogo wangu

Mdogo wangu ana maradhi mawili, ya akili na ya unga, yaani heroini, na kwa miaka karibu mitatu nilizungushwa kama pia katikati yake. Kliniki ya akili waliniambia aache unga kwanza, ndipo wajue kama ni ugonjwa au ni kete. Soba niliyompeleka, yaani nyumba ya kuwaachisha watu unga, wakakuta vidonge vyake kwenye begi. Hapa, wakasema, anayemeza chochote hajaacha. Wakavitupa. Wiki ya pili alikuwa anabishana na feni.

Tulipumua alipoanzishwa methadoni, dawa ya kunywa inayokata kiu ya unga. Dawa hiyo ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, tena bure. Kinachowashinda wengi ni nauli, maana ni kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo: unakunywa kikombe chako dirishani huku muuguzi anakutazama, kisha unaongea kidogo aone umemeza.

Kumbe kule kliniki ya akili walikuwa wamemwandikia kabamazepini, kidonge cha kutuliza akili. Baada ya wiki mbili tatu akaanza miayo, makamasi, jasho, tumbo linakata, usiku halali. Arosto kabisa, yale mateso ya kukosa unga, na methadoni anakunywa! Mama akasema amerudia. Mimi nikampekua mifuko, nikamtolea maneno ambayo mpaka leo yananisuta. Muuguzi wa dirishani ndiye aliyeuliza: "Anameza dawa gani nyingine?" Nikamwonyesha karatasi. Kabamazepini hulifanya ini liimalize methadoni upesi, ikakatika mwilini kabla ya dozi ya kesho. Rifampisini, ile ya kifua kikuu, nayo iko hivyohivyo. Daktari alimpigia mwenzake simu, wakabadilisha. Simu yenyewe haikufika dakika tano.

Tangu siku hiyo natembea na daftari. Kila dawa, kipimo, tarehe iliyoanza, na kila kliniki naliweka mezani kabla sijaulizwa. Usiwaachie madaktari wawili kazi ya kujuana, wajulishe wewe. Kabla hujalipia soba, uliza kama wanapokea mwenye dawa za akili na nani anamkabidhi kidonge saa mbili usiku. Wakianza kujiumauma, ondoka. Akiteleza akatumia tena, usimkatishe dawa za akili kama adhabu. Na akitoka soba baada ya miezi, mweleze bila kuona haya kwamba mwili umesahau unga: kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani, marufuku nyumbani. Vikikutana na methadoni, mtu anaweza kulala asiamke.

Ukikwama gharama za vipimo, tafuta ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali, wanashughulikia misamaha. Nenda asubuhi.

Mwenyewe daftari halipendi. Anasema namtembeza mjini kama mdaiwa wa Mangi. Juzi lakini nililisahau juu ya friji, akanikimbilia nalo mpaka kituoni, ndala moja mguuni.