Kuingia Bitwarden kwa akaunti ya kazini

Dada, umeuliza kwa nini wafanyakazi wenu wa Kigoma na Kasulu bado wanaombwa nenosiri kuu ilhali mmeshaunganisha Bitwarden, programu ya kutunza manenosiri, na akaunti zao za Microsoft. Hamjakosea. Microsoft inathibitisha tu kwamba mtu ni yeye. Hazina ya manenosiri imefungwa kwa ufunguo mwingine ambao Microsoft haina, na nenosiri kuu ndilo linaloufikia. Kama mnataka nenosiri kuu liondoke, chagueni njia ya vifaa vinavyoaminika kwenye mipangilio ya shirika; hapo kifaa kilichoidhinishwa ndicho kinachofungua hazina. Simu mpya itaidhinishwa na kifaa cha zamani au na msimamizi, kwa hiyo msimamizi apatikane saa za kazi. Ila nakusihi, mmiliki wa akaunti ya shirika abaki na nenosiri lake kuu, liandikwe na kufungiwa kabatini. Na anzeni na mtu mmoja.