Gliserini ya Mapipani: Kuna Kichocheo cha Kuigeuza Mali?

SWALI: Baada ya salamu, Mhariri. Mimi na binamu yangu tunakusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi karai na bajia, tunayachanganya na methanoli na kostiki ya potasiamu, tunapata dizeli ya mimea. Chini ya pipa hubaki uji mzito wa rangi ya kahawa, ambao tumeambiwa ni gliserini, na sasa tuna mapipa manne. Tumesikia viko vichocheo vinavyoigeuza kuwa kemikali za bei. Tununue kipi? Kwa sasa binamu huinawia mikono yenye grisi. — Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, nianze na mikono ya binamu, kwa kuwa hilo halingoji. Uji huo bado una methanoli, sumu ile ile inayowapofusha wanywaji wa pombe haramu, nayo hupenya ngozini. Tena una masalio ya kostiki. Aache leo. Wala msiuchemshe katika sufuria wazi, maana methanoli huwa mvuke kwenye nyuzi 65 hivi, na mwali wake mchana hauonekani vizuri.

Ama vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha badiliko la kikemia bila vyenyewe kuliwa, mlichosikia ni kweli. Kila kilo 100 za mafuta huacha takriban kilo 10 za gliserini, kwa hiyo dizeli hii ilipoenea duniani gliserini ilizidi mahitaji, na wanakemia wakaanza kuitafutia kazi. Molekuli yake ni mnyororo wa kaboni 3, na kila kaboni imebeba oksijeni iliyoshikana na haidrojeni. Ukiiondoa oksijeni moja ya mwishoni, pakaingia haidrojeni, unapata propilini glaikoli, ambayo hutiwa katika dawa, vipodozi na vimiminika vya kupozea injini. Kwa kazi hiyo mimi naisifu shaba. Nikeli ina nguvu zaidi, lakini huvunja hata kiungo cha kaboni kwa kaboni, na sehemu ya mali ikapotea kuwa gesi ya methani. Shaba hukata tawi bila kupasua shina. Galen Suppes na wenzake katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walitumia shaba pamoja na kromiamu kwenye nyuzi 200 hivi, kwa presha ya takriban mara 14 ya hewa ya kawaida, na kazi hiyo ikatuzwa mwaka 2006.

Iko pia njia ya asidi iliyo yabisi, si ya maji, kama zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno; hiyo huitoa maji gliserini ikawa kemikali iitwayo akrolini. Hiyo msiiguse: akrolini ni sumu kali, na kichocheo chenyewe huzibwa upesi na masizi ya kaboni.

Hata hiyo shaba msiinunue sasa. Itataka haidrojeni ndani ya mtungi wa chuma unaostahimili presha, na sabuni, chumvi na salfa zilizomo katika uji wenu zitaifunika au kuiua nguvu kabla haijawalipa. Kwanza methanoli ivunwe katika mtambo uliofungwa, chini ya fundi anayeujua. Kisha, mkiwa na glavu na miwani, tieni asidi ya fosforiki kidogo kidogo katika chupa moja ya kioo yenye uji huo, muiache ilale. Asubuhi mtaona matabaka matatu: juu mafuta meusi, katikati gliserini ya rangi ya chai, chini chumvi, ambayo ikisafishwa hufaa kuwa mbolea. Sampuli ya tabaka la kati ipelekeni maabara ipimwe gliserini, methanoli, maji na majivu, kwa sababu mnunuzi wa maana atauliza hayo manne kabla ya kutaja bei. Mpaka majibu yarudi, mapipa yafungwe na yakae mbali na jiko.