Swali la wiki: King'amuzi au intaneti? Inategemea goli utalisikia kwa nani kwanza

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu cha burudani nyumbani, ulipie king'amuzi au uweke TV ya intaneti? Nilishaandika neno moja, "intaneti", niwatumie niendelee na shughuli zangu. Halafu nikamkumbuka Msuva, mshambuliaji wa timu yetu ya taifa.

Kwanza niseme kwa nini nilitaka kujibu vile. Sisi wa Dar ving'amuzi vimetutoa jasho. Mitambo ya analojia ilizimwa hapa mwisho wa Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata baadaye, na mwenye TV yake ya zamani ya chogo na antena juu ya mti wa mwanzi akaukaribisha mwaka mpya kwa chenga. Tukanunua. Mwaka 2018 chaneli za bure zikaondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya kulipia kwa sababu za leseni, basi aliyetaka taarifa ya habari na mpira pia akaongeza cha pili, rimoti zikawa tatu mezani na hakuna anayejua ipi inaongeza sauti. Na kifurushi chenyewe hakina huruma: umeme ukikatika siku nzima, siku yako imeliwa. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa kuna TV unaunganisha na simu tu, ataikataaje?

Sasa Msuva. Juni 27, 2019, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Misri, Tanzania na Kenya. Kwa wasiokumbuka, hatukuwa tumefika fainali hizo tangu 1980, kwa hiyo hata sisi wanawake ambao kwa kawaida tunauliza "nani anacheza?" tukishapita na sinia la chai, usiku ule tulikuwa tumevaa jezi. Nilikuwa nimepanga Tabata, nyumba ya uani, vyumba vinatazamana. Mama mwenye nyumba alitoa TV yake barazani, king'amuzi juu ya stuli, mikeka ikatandikwa. Mechi ilianza saa tano usiku kwa saa zetu.

Mdogo wangu hakutaka kwenda barazani. Alikuwa ametoka kununua TV ya flati kwa mkopo wa kazini, ameipandisha ukutani kwa fundi, akaweka bando la maana na kutafuta mechi kwenye intaneti. Picha ilikuwa nzuri, siwezi kumdhulumu. Unaona mpaka jasho la golikipa. Tukakaa ndani na marafiki zake, mlango umefungwa ili kelele za barazani zisituingilie.

Dakika ya sita barazani palilipuka. Ndege waliolala kwenye mwembe waliruka, nasikia mabawa. Sisi ndani mpira bado uko katikati ya uwanja, unapigwa pasi za pembeni. Tukatazamana. Mdogo wangu akasema labda wamepata kona. Tukangoja, tukangoja, ndipo Msuva wa kwetu akafunga, na sisi tukashangilia kama watu wanaocheka kichekesho walichokwisha kusimuliwa.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Kabla ya mapumziko Olunga wa Kenya akasawazisha, na haikupita muda Samatta wetu akaturudisha mbele. Ila kwetu ndani, wakati barazani wanampigia Samatta vigelegele, kwenye flati Wakenya ndio kwanza wanakumbatiana kwa goli lao. Rafiki mmoja wa mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa kwa huzuni, huku nje watu wanacheza. Niliwahurumia vijana, lakini nilicheka.

Kipindi cha pili Kenya wakasawazisha tena. Ikafika kama dakika ya themanini. Barazani kimya kabisa, isipokuwa sauti moja: ya mpangaji wa chumba cha mwisho, kijana wa Mombasa, aliyekuwa amekaa kwa adabu usiku kucha. Alipiga kelele moja tu akajizuia. Basi sisi tukajua. Tukakaa tunalitazama goli la Olunga likija, tatu kwa mbili, mdogo wangu anamwambia beki "mkabe, mkabe" kama vile bado kuna la kufanya. Nikafungua mlango nikaenda barazani kumalizia pale, kwenye TV ya inchi chache yenye mstari wa kijani pembeni.

Fundi aliyenieleza sababu hakuwa na maneno mengi. King'amuzi cha dishi kinapokea kutoka kwenye setilaiti iliyo juu kilomita kama 36,000, lakini mawimbi yanashuka moja kwa moja kwa wote kwa pamoja. Intaneti inaikata picha vipandevipande, inakutumia kimoja kimoja, na kifaa chako kinajiwekea akiba kadhaa kabla ya kuonyesha ili isigande. Akiba hiyo ndiyo ucheleweshaji. Kwa tamthilia haina neno, hakuna jirani atakayekupigia kelele za sehemu ya tatu. Kwa mpira ni mateso.

Na bando! Filamu ya picha ya kawaida inakula karibu gigabaiti moja kwa saa, ya HD inafika hata tatu. Mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za bando zilivyozua kelele mpaka Serikali ikazisitisha. Anayesema king'amuzi ni ghali apige hesabu ya wikiendi moja ya watoto na katuni.

Kwa hiyo, mhariri, nimeanza na intaneti na sasa naona mkono unaandika king'amuzi. Basi iwe king'amuzi. Lakini msinichukue kama shahidi wa kila nyumba. Msimu wa ligi na mashindano, ndiyo, nalipia bila kuuliza. Miezi isiyo na mpira naacha kifurushi kife chenyewe. Na mkiniuliza kama mzazi nitajibu vingine kabisa, maana wanangu hawajui chaneli ni nini. Wao wako kwenye simu na YouTube, TV wanaitumia kuchezea gemu. Hicho king'amuzi ni changu na majirani.

Mdogo wangu amesoma haya kabla sijayatuma. Anasema intaneti ya faiba siku hizi haichelewi kama ya 2019, nisiwapotoshe watu. Inawezekana. Faiba yenyewe imeishia mtaa wa pili, na kila fundi wao akija anapima, anatikisa kichwa, anaondoka.