Jifunze kughairi kabla ya kuzima

Kwenye saiba yetu hapa Langoni, Lamu, kipanya ndicho huharibika kwanza. Kikigoma, vijana hukimbilia kitufe cha kuwashia na kukikandamiza mpaka kompyuta izime. Kama kibodi bado inaitika, hakuna haja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter; litafunguka dirisha la kuandikia amri.

Humo, shutdown /s huzima na shutdown /r huzima ikawasha upya. Lakini ya kushika kwanza ni shutdown /a, inayoghairi amri maadamu muda haujaisha.

Muda huandikwa kwa sekunde baada ya /t. Usipoutaja, unapewa sekunde 30. Siku ya Ijumaa mimi huandika hivi:

shutdown /s /t 600 /c "Tunafunga kwa swala, hifadhi kazi yako"

Mteja huona ujumbe huo kwenye skrini yake. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kazi za watu hupotelea: muda wowote unaozidi sifuri, Windows huuchukulia kama umeongeza /f, yaani programu zifungwe kwa nguvu. Haimuulizi mtu kama angependa kuhifadhi. Mzee mmoja alikuwa akiandika barua ya shamba, akaniita, "Mwanangu, hii yasema yafunga, nami sijamaliza." Nikapiga shutdown /a, akamaliza barua yake, na swala tukaiwahi sote.

Printa ikianza ukaidi, hasa mwezi wa Juni watu wakifukuzana na ritani za kodi za KRA, tumia /r. Tangu Windows 8, ukizima kupitia menyu ya kawaida, sehemu ya mfumo huwekwa kwenye diski ili kesho iwake haraka, na ule ugonjwa wa jana unaweza kuamka nayo. Kuwasha upya hupakia kila kitu upya.

Kwenye Ubuntu, mfumo mwingine unaotumika badala ya Windows, amri ya kuwasha upya ni sudo shutdown -r now, au -h badala ya -r ukitaka kuzima. Kughairi ni sudo shutdown -c. Huko hesabu ni ya dakika, si sekunde. Ukiizoea Windows ukaja kuandika +600 kwenye Ubuntu, utafunga mlango wa duka na kompyuta itabaki inakula stima saa kumi nzima.