Kinyago umekichonga mwenyewe, sasa kinakutisha

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Rahaleo, Lindi mjini. Tuko watano, na kila Jumamosi jioni tunakutana barazani kwetu kucheza Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa hadithi: kila mchezaji ana mhusika wake, na dadu huamua yanayompata. Mimi ndiye msimulizi, ninayeiendesha hadithi. Miezi miwili iliyopita niliwaingizia simba-mtu kwenye hadithi, akamng'ata mhusika wa rafiki yangu Hamisi (si jina lake). Nilidhani atahangaika kutafuta tiba. Wapi! Amenogewa. Anakula mbuzi za wanakijiji, anawatisha wenzake, na silaha zao hazimwingii. Wiki tatu zilizopita alimtoa mtoto kwenye dungu shambani, akamuua, akacheka. Hamisi ni mtu mpole, Shangazi. Siku hizi anabeba magunia ghalani, anarudi hoi, lakini Jumamosi hakosi. Wachezaji wawili wanasema kitabu cha kanuni kinaniruhusu kumnyang'anya mhusika. Hamisi kaapa nikifanya hivyo urafiki wetu wa tangu kidato cha kwanza umekwisha. Nimuue huyo simba kimya kimya yaishe? Zuwena (si jina lake) naye haji tangu siku ile ya mtoto.*

*Msimulizi, Lindi*

Marahaba, mwanangu.

Mchezo huu nilifunzwa na mtoto wa kaka yangu kule Mikindani. Mhusika wangu wa kwanza alikufa usiku ule ule kwa kula embe la watu, kwa hiyo sikujibu kama mgeni kabisa.

Tuanze na wewe. Simba huyo kaletwa na nani? Kitabu cha mazimwi cha mwaka 2014 hakina simba-mtu. Kina mtu-mbwa mwitu, mtu-dubu, mtu-nguruwe, mtu-panya na mtu-chui milia. Bila shaka ulimchukua huyo wa chui milia ukambadilisha ngozi, na kwa hilo nakusifu. Lakini ulimpa kijana makucha, ukampa nguvu, ukampa mwili usioingiwa na panga wala mshale mpaka uwe wa fedha au wa kichawi, kisha ukakaa ukingoja akimbilie kwa mganga akavuliwe vyote hivyo. Umemkabidhi fisi bucha, unashangaa nyama kupungua.

Hao wachezaji wawili wamesoma nusu ya ukurasa. Kitabu kinampa aliyeng'atwa njia mbili. Akiipinga laana ya kung'atwa, anabaki na tabia yake, ila mwezi mpevu ukichomoza anageuka atake asitake. Akiikumbatia na tabia yake ikageuka, hapo msimulizi *ana ruhusa* ya kumshika mhusika huyo mpaka laana iondolewe. Ruhusa, si lazima. Na aliyeng'atwa anatibika kwa dua ya kuondoa laana. Ni aliyezaliwa nayo tu ndiye ambaye dua hiyo haimsaidii.

Ninachokilaumu ni kwamba Hamisi hakuambiwa mapema. Angejua kuwa kila roho anayoitoa inamsogeza mbali na karatasi ya mhusika wake, angepiga hesabu. Uko mchezo mwingine, Vampire: The Masquerade, uliotoka Marekani mwaka 1991, ambao wachezaji wote ni wanyonya damu tangu mwanzo. Humo kila mmoja ana kipimo cha utu, kinaishia 10. Ukifanya unyama kinashuka, na kikifika sifuri mhusika anakutoka mkononi. Watu wanaukubali uchungu huo kwa sababu waliuona ukija. Ungekuja na kipimo kama hicho siku ile ile ya kung'atwa, leo usingeniandikia.

Na usidhani wewe ndiye wa kwanza. Kabla Dungeons & Dragons haijachapishwa mwaka 1974, Dave Arneson alikuwa akiwasimulia wenzake kule Minnesota ulimwengu wake wa Blackmoor. Mchezaji mmoja akageuka mnyonya damu, Sir Fang, akawa hashikiki. Unajua walifanyaje? Hawakumnyang'anya karatasi. Walimtungia mtu wa dini mwenye uwezo wa kupambana na wafu, akachezwa na mchezaji mwingine. Yule kasisi mnayemtumia leo kuponya majeraha chanzo chake ni kero kama yako.

Dawa hiyo ningekuandikia na wewe, tungekuwa tumemaliza. Tatizo ni hiyo sentensi yako ya mwisho.

Hamisi umempa barua nzima. Zuwena umemtupia mstari mmoja mkiani, kama mtu aliyekumbuka mzigo wake gari limeshaondoka. Mwanangu, wewe ni mtu wa Lindi. Kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika nchi hii, na mikoa yetu ya kusini ndiyo iliyolia zaidi. Msimu wa mavuno ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, maana watu walilala mashambani kwenye vibanda kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori, na humo ndimo walimofuatwa. Kila alipouawa mtu kukazuka minong'ono kwamba yule si simba wa porini, ni wa kutumwa, ni mtu fulani aligeuka. Wako wazee waliotazamwa kwa jicho baya mpaka wanaingia kaburini. Nyie mmekaa barazani, mnakunywa chai, mtoto anatolewa kwenye dungu na mtu anacheka.

Sijui kilichomwondoa Zuwena. Huenda ana msiba wa zamani nyumbani kwao, huenda alichoshwa tu na kicheko kile. Wewe pia hujui, kwa sababu wiki tatu zimepita hujamuuliza. Mtu-dubu asingemgusa mtu yeyote wa Lindi. Simba si zimwi la kuazima kwetu.

Kwa hiyo nenda kwake kwanza. Usimtumie ujumbe wa WhatsApp, nenda kwa miguu, mchana, msalimie mama yake. Mwambie ulikosea kuendelea na mchezo alipokwisha kunyamaza. Usimdai maelezo. Akitaka kueleza, sikiliza. Akisema hataki tena habari ya simba, basi simba ameondoka kwenye hadithi yenu na hakuna kura ya kupigwa.

Ndipo umwendee Hamisi, mkiwa wawili, si mbele ya wenzake. Huyo ni kijana anayebeba magunia wiki nzima kwa amri za watu, na Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo hakuna anayemwamrisha. Labda ni hilo, labda ninamzushia. Wewe ndiye rafiki yake. Muulize anapenda nini katika kuwa simba. Akisema nguvu, nguvu zinapatikana bila kula watoto. Akisema anapenda kuogopwa, mpe nafasi hiyo vizuri: akukabidhi karatasi kwa hiari, simba awe adui mkuu wa hadithi yenu, na Hamisi mwenyewe akunong'oneze adui huyo anataka nini na anaogopa nini. Kisha atengeneze mhusika mpya wa kumwinda. Nimeona watu wakishangilia kifo cha zimwi lililokuwa lao. Au achague tiba, na safari ya kumtafuta mganga iwe hadithi ya wote watano, naye Zuwena, akirudi, awe ndiye mwenye dua ya kuiondoa laana. Yote mawili Zuwena asikie kabla, kwa sababu yote mawili bado yana simba ndani yake. Ninachokataa ni abaki na makucha yake akiwatisha wenzake, eti "ndivyo mhusika wangu alivyo". Kwa Wamakonde wa Newala anayecheza na lipiko, yaani kinyago, usoni anatisha watoto kweli kweli, lakini ngoma ikiisha lipiko linavuliwa, na hakuna anayeondoka nalo kwenda kudaia madeni.

Akikataa yote, mwambie wazi kuwa mhusika ni wake, aende naye popote, ila kwenye baraza lako hana nafasi. Atakununia. Hata hivyo ni heri anune kwa jambo uliloamua mbele yake kuliko kuangushiwa jiwe la ghafla pangoni, akagundua baadaye kuwa hukurusha hata dadu.

Jumamosi hii msicheze. Na ukienda kwa Zuwena, acha dadu nyumbani.